Marehemu Mjomba Amehesabiwa

Kasungami, Lubumbashi
11 Mei 2025

Kwa binti yangu Agnès Chama, kule Mokambo,

Mimi baba yako nakusalimu sana, pamoja na wote walio chini ya paa lako. Huku tunapumua. Mke wangu Huguette analalamika goti tangu mvua ikatike, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Binti yetu Lydie amebatiza mtoto wake wa tatu. Padri alisahau jina la mtoto katikati ya ibada, tukacheka mpaka wakati wa sadaka. Mahindi yamekauka vizuri, tunavuna wiki hii. Mbuzi mmoja amekula sabuni yote ya Huguette na bado yuko hai.

Barua hii naiweka mkononi mwa Germaine, muuza unga, kwa sababu simu yako anayo mjukuu wako Guelor, na Guelor husoma ujumbe wa watu kwa sauti kama matangazo ya misa.

Sasa nina jambo dogo. Serikali imetuma vijana kujaribu hesabu ya watu katika mitaa michache, kabla ya ile hesabu kubwa ya nchi nzima. Walifika hapa na mashine zao za kuandikia, kama simu kubwa, wakauliza maswali, nami nikajibu kama inavyompasa mkubwa wa nyumba. Kumbe jirani yangu Stanislas, yule anayejenga nyumba za kupangisha, alikuwa ameketi karibu na ua wangu, anakunywa munkoyo wangu na kusikiliza. Kesho yake alikwenda ofisi ya mashamba kusema kwamba mimi si Mkongomani, na kwamba mtu wa nje hawezi kuwa mwenye shamba hili. Shamba lote, Agnès, kutoka barabarani mpaka kijitoni! Analitamani tangu zamani.

Mtu wa ofisi ameniita. Anataka shahidi anayejua mahali nilipozaliwa, aje kusema mbele yake kabla Agosti haijaisha. Wazee wote wamekufa, umebaki wewe. Njoo useme kwamba nilizaliwa Mokambo, upande wa Kongo, kisha tutakula kuku na utarudi kwako.

Baba yako,
Ngosa


Mokambo
3 Juni 2025

Kwa Chomba, mtoto wa shangazi yangu,

Nimepata barua ya mtu anayejiita baba yangu. Nimeigeuza huku na huku. Baba yangu Ngosa nilimzika mwenyewe, na nililipia sanduku. Kama ameanza kuandika barua, basi huko aliko posta inafanya kazi kuliko huku kwetu.

Sisi wazima. Guelor ameacha masomo ya ufundi, sasa anatengeneza pikipiki za watu, hasa zile ambazo hazikuwa na tatizo. Kuku wangu wanataga nyumbani kwa jirani na kula kwangu. Mpe Huguette pole ya goti.

Najua, najua, ulipyana. Nilikuwepo. Baba alipokufa walikuketisha kwenye mkeka, wakakuvika ushanga mweupe, wakakunywesha maji, wakakupa jina lake na nafasi yake, kwa kuwa wewe ni mtoto wa dada yake na desturi yetu ndivyo ilivyo. Tangu siku ile napaswa kukuita baba. Lakini mimi nilikuwa na miaka tisa ulipozaliwa, nilikubeba mgongoni, ukakojolea kitenge cha mama yako nilichokuwa nimeazima. Baba hamkojolei binti yake. Tena wewe ni mufyala wangu, binamu wa kutaniana, na kwa utani wetu naruhusiwa kukuita mume. Baba, mume, mtoto wa mgongoni: chagua nguo moja, Chomba, zote tatu hazikutoshi.

Sasa tuje kwenye barua yako, maana ina shimo katikati. Unasema vijana waliuliza, ukajibu inavyompasa mkubwa wa nyumba, halafu ghafla si Mkongomani tena. Mtu haachi nchi yake kwa kuketi kwenye kiti. Ulisema nini? Niambie kwanza, nami nitakuambia kama nakuja.

Mkubwa wako,
Agnès


Kasungami
22 Juni 2025

Kwa Agnès,

Salamu. Goti la Huguette limepoa. Mbuzi wa sabuni amekufa, tumemla, na nyama ilikuwa na harufu nzuri. Baridi ya mwaka huu inauma mifupa. Tunalala na mbabula, jiko la makaa, mlangoni.

Umetaka kujua, basi jua.

Kijana aliyekuja anaitwa Elisée, mtoto mpole, jasho linamtoka. Akaniuliza: "Papa, nani njo mukubwa wa nyumba?" Nikamwambia: "Njo mimi." "Jina?" Nikasema Ngosa. "Ulizaliwaka wapi?" Nikasema Mufulira. "Mufulira ya Zambia?" Nikamuuliza: "Iko ingine?" Akauliza mwaka, nikamwambia elfu moja mia tisa makumi mbili na nane. Akanitazama uso, akasema: "Eh papa, unajichunga muzuri!" Halafu akauliza: "Basi uko raia wa wapi?" Nikamjibu: "Wa kule kule. Nilianzaka na karatasi ya Bangereza."

Huguette alinikanyaga mguu chini ya meza. Nilifikiri ni lile goti. Stanislas aliweka kikombe chini akapiga makofi.

Cheka, najua unacheka. Lakini nikuulize, nyumba hii ni ya nani? Mahari ya wasichana wa ukoo napokea kwa jina la Ngosa. Kwenye kilio naketi mahali pa Ngosa. Kanisani padri anasema "mzee Ngosa". Mtu akiniita Chomba barabarani, nageuka kutazama ni nani anayetafutwa. Kijana aliuliza habari za mkubwa wa nyumba, na mkubwa wa nyumba ni mjomba. Ningempa jina la mjomba halafu nimnyang'anye mahali alipozaliwa? Sikudanganya hata neno moja. Kila nilichosema ni kweli, ila ni kweli ya mtu mwingine, na mtu huyo ni mimi.

Mtu wa ofisi hakuielewa hoja hiyo.

Unajua nani amelala kule mwisho wa mihogo. Mama yangu, shangazi yako. Stanislas amekwisha kupima kwa miguu, mbele ya macho yangu, na amesema kwa sauti kwamba pale patafaa vyoo vya wapangaji wake.

Nimejaza shimo la barua yangu. Unakuja lini?

Ngosa
(kwa ofisi ya mashamba: Chomba)


Mokambo
20 Julai 2025

Kwa marehemu aliyehesabiwa,

Usilaumu Germaine kwa kuchelewa. Alikwenda kwanza kwenye kilio Kambove, akakaa huko mpaka chakula kikaisha. Huku wazima. Guelor amepata mchumba, msichana mwenye akili, sijui aliona nini kwake.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimelia machozi ya kucheka mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, kuna aliyefufuka. Serikali hii ilituhesabu mara ya mwisho mwaka 1984, nikiwa bado na meno yangu yote. Tumezaa, tumezika, tumehama, na hakuna aliyeuliza tuko wangapi. Leo imeamka, imenunua mashine, imefika mpaka Kasungami, na mtu wa kwanza iliyemkuta ni baba yangu! Alipokuwa hai alikwenda kuomba cheti mara ngapi, wakamwambia arudi Jumatatu? Ilibidi afe ndipo waandike jina lake bila kumsumbua.

Na wewe! Umepewa ushanga ukameza na kamba. Mimi nimepyana jina la nyanya, lakini nikiulizwa umri sisemi nina miaka mia na arobaini.

Kuhusu kuja: barabara ina vumbi, na kifua changu hakipendi vumbi. Tena kuku hawana mtu wa kuwatazama. Tena ni kipindi cha baridi. Ukitaka, nitamtuma Guelor awe shahidi. Anasema maneno mengi na anapenda safari.

Agnès


Kasungami
3 Agosti 2025

Agnès,

Salamu fupi. Wazima.

Guelor alizaliwa miaka zaidi ya arobaini baada yangu. Atashuhudia nini, kwamba alinisikia nikizaliwa?

Vumbi, kuku, baridi. Wewe uliyekuwa unakwenda Mufulira kwa baiskeli na gunia la samaki nyuma! Nilijiuliza sana ni kitu gani kinakufunga miguu. Germaine amenifungulia, bila kujua kwamba anafungua. Alikuwa anasifu zahanati ya upande wa pili wa mpaka, jinsi wanavyotoa dawa za tension, presha ya damu, bila kuzungushana. Akasema: "Mama Agnès banamujua sana kule. Anaonyesha kadi yake ya kijani, banamupatia dawa, anarudia." Nikauliza kadi gani. Akasema: "Ile ya Bazambia. Yake iko na picha muzuri."

Sasa nimeelewa. Shahidi wangu lazima awe Mkongomani, na sheria yetu haitaki mtu mwenye nchi mbili. Ukiingia ofisini watakuuliza, na huwezi kujibu.

Basi tuseme hivi. Mimi nimekuwa Mzambia kwa mdomo, dakika chache, mbele ya kijana mwenye jasho. Wewe umekuwa Mzambia kwa karatasi, kwa kidole cha wino na kwa picha, miaka mingi, na umenicheka tangu Juni. Nyani haoni kundule, mama.

Mwezi huu ukiisha, Stanislas analeta matofali. Fanya unavyopenda. Sitakuandikia tena.

Chomba


Mokambo
31 Agosti 2025

Kwako,

Nimefika nyumbani, vumbi mpaka masikioni. Utanisamehe kwamba nilitoka ofisini nikaingia moja kwa moja kwenye gari la unga la Germaine bila kula kuku wa Huguette. Sikutaka kuonekana uso. Wewe ulikuwa nje, walikuambia usubiri, kwa hiyo hujui yaliyosemwa ndani. Nitakuambia, na usinikatize.

Stanislas alikuwa mle na mwanasheria wake, mtu mwenye tai ndefu kuliko hoja zake. Kabla sijaketi, mwanasheria akasema: "Muulize kwanza huyu mama mufuko yake iko na nini." Kumbe Germaine anawasifia watu wote zahanati ile, si wewe tu. Mtu wa ofisi, ambaye ana heshima, akanigeukia: "Mama, uko raia wa wapi?"

Chomba, swali hilo nimelikimbia miaka. Huku Mokambo zahanati ina mlango, ina muuguzi, ina kalenda ukutani, na dawa haina. Kule ng'ambo baba yangu alizaliwa, nikaonyesha hivyo, wakanipa kadi. Hata walipohesabu watu wao nilivuka nikahesabiwa, nikala na biskuti. Sikukuambia kwa sababu ungecheka, na mimi napenda kucheka, sipendi kuchekwa. Haya, sasa unajua.

Nikatoa kadi ya kijani, nikaiweka mezani. Nikamwambia: "Shika. Miye muntu wa huku. Ile ilikuwa ya dawa tu." Akanionyesha mahali pa kutia sahihi kwamba siitaki tena, nikatia. Yule wa tai akafunga kinywa chake.

Halafu nikashuhudia. Nilisema mama yako alikuwa amekuja kwetu kujifungua, kwamba ulizaliwa jikoni kwa mama yangu, mvua ikinyesha, na moto ulizimika nikatumwa kuazima kaa kwa jirani. Akauliza mwaka, nikasema wakati wa vita vya Katanga, ilipojitenga. Mwanasheria akaruka tena: "Basi pale haikukuwa Kongo, ilikuwa Katanga!" Nikamwambia: "Mutoto wangu, pale jikoni hakukukuwa bendera. Kulikuwa chungu." Mtu wa ofisi alicheka mpaka akavua miwani.

Akauliza mimi ni nani kwako. Nikasema ni dada yako mkubwa, ni mke wako wa utani, na ni binti yako. Aliandika dada, akaacha mengine.

Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Na ule Ngosa iko muzima?"

Unajua nimekukatalia jina lile kwa miaka yote hii. Nimekukumbusha mkojo, nimekucheka, nimekuita mtoto wa shangazi. Lakini nilipotakiwa kusema kwa kinywa changu, mbele ya serikali, kwamba Ngosa hayupo, kwamba yule aliye nje mlangoni ni Chomba tu, niligeuka kwanza kuutazama mlango. Nilikuwa nimekuja kukuokoa, na ili nikuokoe ilibidi nimzike mara ya pili. Nikasema: "Alikufaka." Hakusikia, ilibidi nirudie. Imeniuma kuliko siku ya sanduku.

Kwa hiyo una shamba lako. Wewe ni Mkongomani, nami ni Mkongomani, tuko wawili, serikali ifurahi. Lakini tension yangu sasa haina nchi. Vidonge nilivyobaki navyo vinakaribia kwisha, na kule sirudi, maana niliisaini karatasi na sina mazoea ya kusaini uongo mara mbili.

Nikuulize swali la desturi, wewe unayeijua sana. Binti akiugua, nani anamnunulia dawa?

Nangoja jibu, Baba.

Binti yako,
Agnès


Kasungami
28 Septemba 2025

Kwa binti yangu Agnès,

Baba yako nakusalimu. Huguette anakusalimu pia. Yule kuku anakungoja bado, amenenepa na ameanza kujiamini. Joto limerudi, tunaandaa mashimo ya mahindi.

Germaine amebeba mfuko wenye fundo jekundu. Ndani kuna dawa za tension, zilezile ulizokuwa unakunywa. Lydie alizunguka mjini mpaka akazipata kwa mtu wa dawa anayeaminika. Kila mwezi utapata mfuko. Usimwambie Germaine mna nini, ingawa najua umekwisha kumwambia.

Karatasi ya shamba imetoka. Stanislas amehamisha kiti chake upande wa pili wa ukuta wake, na munkoyo wangu sasa unadumu siku mbili. Tumepalilia kaburini kwa shangazi yako, nimemweleza mambo yote. Nilimweleza pia habari ya kitenge.

Lakini nakuandikia hasa kwa sababu ya jana. Wale vijana wa hesabu walirudi kusahihisha. Elisée yuleyule, jasho lilelile. Huguette alisimama nyuma yangu ameshika mwiko wa kusongea bukari, kwa ajili ya usalama.

"Papa, tunaanza upya. Jina?" Nikasema Chomba. "Ulizaliwaka wapi?" Nikasema Mokambo, upande wa Kongo, jikoni. "Uraia?" Nikasema Mukongomani. Huguette akashusha mwiko kidogo.

"Batoto ngapi?" Nikamwambia sita. Huguette akaniinamia sikioni: "Tulizaa tano." Nikarudia, sita. Elisée akasema: "Tunaanza na wa kwanza. Jina?" Nikasema: "Agnès Chama." "Miaka?" Nikasema makumi saba na tatu.

Alianza kuandika, vidole vikasimama. Akanitazama, akatazama mashine. "Papa, weye mwenyewe uko na makumi sita na ine."

"Najua."

"Mashine inakatala, papa. Baba hawezi kuwa mudogo kwa mutoto."

Nikamwambia: "Mashine haiyapyana muntu. Weye andika."

Alijaribu tena, ikakataa tena, ikapiga kelele ya kuudhi. Huguette akaweka mwiko juu ya meza, akavuta kiti, akaketi karibu na yule kijana. "Andika ku karatasi basi, mutoto wangu," akamwambia. "Ile anasema iko kweli."

Akararua karatasi kwenye daftari lake, akaandika. Sijui kama itafika kokote. Lakini nimeisema mbele ya serikali, nawe ulistahili mtu aiseme.

Kidonge kimoja, asubuhi, baada ya kula. Usiruke siku.

Baba yako,
Ngosa